Ibara ya 23 ilipaswa kurudishwa serikalini

Mjadala wa Juni 10, 2023 mliutazama, kwa hiyo sirudii nani alisema nini. Bunge lilikosea. Mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 25, 2022, ukakaa zaidi ya miezi saba, kisha ukaletwa Dodoma na kuridhiwa siku hiyo hiyo, ibara ya 23 ikiwa vilevile ilivyokuja.

Isomeni tena ibara hiyo, fungu la 4. Hakuna upande unaoruhusiwa kujitoa, kusimamisha wala kuvunja mkataba kwa hali yoyote ile: hata mwenzako akiukiuka vibaya, hata mazingira yakigeuka kabisa, hata uhusiano wa kibalozi ukikatika. Ukiukaji mkubwa na mabadiliko ya msingi ya mazingira ndiyo milango ambayo Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba uliziachia nchi, nasi tumo humo tangu 1976. Tumeifunga kwa mikono yetu, tukabaki na usuluhishi. Na muda? Mpaka shughuli zote za mradi zikome, au mikataba yake yote iishe. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inataka Bunge lijadili na kuridhia, na kujadili kumetajwa kwanza. Lilikuwa na uwezo wa kusema: kalijadilini upya fungu hili na wenzenu, ndipo mrudi.



Nakiri kwamba mikataba ya utekelezaji ya Oktoba 2023, ya miaka 30 na tathmini kila baada ya miaka mitano, ilifanywa vizuri; hoja yangu ni ibara ya 23.

Mwalimu Nyerere alikutana na jambo la namna hii. Mwaka 1921 Uingereza iliwapangisha Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Mwishoni mwa 1961 serikali yake ilikataa: aliyekabidhiwa nchi aisimamie kwa muda hawezi kuwafunga wenyewe milele. Mikataba mingine ya nchi mbili aliipa miaka miwili ipitiwe, na wanasheria wa kimataifa mpaka leo wanauita utaratibu huo kwa jina lake. Julai 1962 Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa Nile wa 1929 hauifungi. Taifa lilikuwa na umri wa miezi saba.