Hisabu ya Mizigo ya Familia Itokayo Guangzhou

Katika tikiti ya ndege, mbali na jina la abiria na saa ya kuondoka, mambo ambayo kila mtu huyatazama, mna alama fupi ambayo aghalabu haitazamwi na mtu mpaka siku ya tafrani: mara huandikwa 2PC, mara huandikwa 30K. Alama ya kwanza maana yake ni kwamba abiria ana haki ya vipande viwili, kila kimoja kikiwa na kikomo chake cha uzito, ambacho katika daraja la kawaida ni kilo 23, na kikomo chake cha ukubwa, ambacho ni sentimita 158 kwa kujumlisha urefu, upana na kina. Alama ya pili maana yake ni kwamba ana haki ya kilo 30, azigawe katika mabegi mengi au machache kama apendavyo, maadamu hapana begi moja litakalozidi kilo 32, kwa kuwa uzito huo ndio kikomo kilichowekwa kwa kuihurumia migongo ya wapakizi. Msafiri wa peke yake anaweza kughafilika na tofauti hiyo na asidhurike sana. Mwenye familia hawezi, kwani kila kosa lake huzidishwa kwa idadi ya viti alivyovilipia.

Nimeichagua Guangzhou kuwa uwanja wa uchambuzi huu kwa sababu sidhani upo mji mwingine ambao watu wa pwani yetu huondoka wakiwa wamelemewa kiasi hicho. Tangu mwaka 1957 mji huo hufanya maonyesho makubwa ya biashara, siku hizi mara mbili kwa mwaka, wakati wa machipuko na wakati wa kupukutika majani, na katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli Mwafrika hupata chakula cha halali, wakala wa mizigo na mizani ya kuazima, vyote katika mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hata masanduku yenyewe hutengenezwa papo hapo: mji mdogo wa Shiling, katika wilaya ya Huadu, umesifika kwa bidhaa za ngozi na mabegi, nao hauko mbali na uwanja wa ndege wa Baiyun. Zamani aliyekwenda huko alikuwa mfanyabiashara mwenye daftari lake kwapani; siku hizi, shule zifungapo, huandamana na mkewe na wanawe, na mke huyo aghalabu ndiye mwenye daftari.

Mfumo wa kilo ndio mkongwe. Kwa miaka mingi abiria wa daraja la chini alipewa kilo 20 na wa daraja la kwanza kilo 30, na kila kilo iliyozidi ililipiwa asilimia 1 ya nauli ya daraja la kwanza, hata kwa safari ndefu mtu alilipia makanda ya bibi yake bei ya kiti cha mfalme. Mfumo wa vipande ulitokea katika njia za Marekani, miaka ya 1970, kisha ukaenea. Leo mifumo yote miwili ingali hai, na yako mashirika, kama Emirates na Qatar Airways, yanayotumia kilo katika njia hii na vipande katika njia ile, kwa hiyo haifai kuuliza tu shirika fulani huruhusu kiasi gani, bali tikiti hii, kwa njia hii, imeandikwa nini.

Sasa natuitazame familia moja ya Chake Chake, Pemba: baba, mama, binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 5 na mtoto mchanga wa kupakatwa, ambayo hisabu yake nilionyeshwa na mama mwenyewe, naye ni mwanamke aliyekulia katika nyumba ya wachuma karafuu na hana haya mbele ya mizani. Walikuwa na njia tatu za kurudi. Ya kwanza ni kupitia Ghuba kwa nauli nafuu iliyosomeka 30K. Ya pili ni kwa Ethiopian Airlines, Guangzhou hadi Addis Ababa na kutoka huko hadi Zanzibar, tikiti moja iliyosomeka 2PC. Ya tatu ni tikiti mbili mbalimbali: moja ya kufika Dar es Salaam, na nyingine ya ndege ndogo ya kuvuka hadi Pemba.

Kwa viti vinne vilivyolipiwa, njia ya Ghuba iliwapa kilo 120, na njia ya Addis Ababa iliwapa vipande 8, yaani kilo 184, ambazo kwa kipimo cha wazee wetu ni kama frasila 11 na nusu. Mtoto mwenye kiti hupata haki sawa na mtu mzima, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mchanga asiye na kiti hupewa kwa hiari ya shirika, hapa kilo 10, pale kipande kimoja, na karibu kila mahali kigari chake cha kusukumwa hupita bure. Tofauti ya kilo 64 baina ya njia mbili ingetosha kumshawishi yeyote, lakini mama yule hakuharakisha, na hapo ndipo nilipompa heshima yake. Alisema, kwa haki, kwamba kilo 120 za mfumo wa uzito ni kilo huru, kwa maana familia ikijiandikisha pamoja kwenye kaunta hupimwa kama mtu mmoja, begi hili likiwa na kilo 31 na lile 17 bila ya mtu kuguna. Ilhali kilo 184 za mfumo wa vipande zimefungwa katika vyumba 8, na chumba kimoja hakimkopeshi jirani yake. Begi la kilo 27 hulipiwa, hata kama la pembeni yake lina kilo 12. Aliyechagua vipande, basi, sharti awe na ustadi wa kufungasha, na asiye na ustadi huo heri achukue kilo chache zilizo huru.

Ustadi wenyewe ni huu. Sanduku gumu la sentimita 75 kwa 50 kwa 33, ambalo ndilo hasa linalofika 158, lina nafasi ya lita 124 kwa kuhesabu kwa nje, na lenyewe tupu huweza kuwa na kilo 4. Hubaki kilo 19 za vitu. Ukilijaza vitasa na mabomba ya maji litafika kilo 23 kabla ya kufika nusu; ukilijaza mablanketi ya watoto litafura lisifungike, nalo halijafika kilo 15. Ubora ni kuchanganya kizito na chepesi hata uzito na nafasi viishe pamoja, jambo ambalo halipatikani kwa kukisia, bali kwa kupima kila aina ya kitu peke yake kwanza. Na hapa ndipo ule mfuko wa miraba, ambao Watanzania tumeuita shangazi kaja na kuucheka miaka yote, unapostahili kuombwa radhi: mfuko huo hauna hata nusu kilo. Mama yule aliweka masanduku magumu mawili kwa ajili ya vyombo vya kuvunjika, na vipande sita vilivyobaki akavifanya mifuko ya shangazi kaja, iliyofungwa kamba na kuzungushiwa utepe mpana. Kwa kila mfuko aliokoa kilo 3 na nusu. Kwa sita, kilo 21, ambazo ni pungufu ya kipande kizima kwa kilo 2 tu. Mdogo wake, mwanafunzi wa huko, alisimama mlangoni akasema, “Dada, mifuko hii itachanika.” Akajibiwa, “Basi shika utepe, usishike kiuno.”

Liko jambo la bei ambalo wengi hawaliangalii. Katika mashirika mengi ya mfumo wa vipande, ada ya uzito hutozwa kwa tabaka: begi lililopita 23 na lisilopita 32 hulipa ada moja, liwe limezidi kwa kilo 1 au kwa kilo 9. Kwa hiyo mtu akiona kwamba lazima azidi, asitawanye ziada hiyo katika mabegi matatu akalipa mara tatu. Aikusanye yote katika begi moja, alifikishe karibu na 32, alipe mara moja. Kisha alinganishe ada hiyo na bei ya kununua kipande cha ziada kabla ya siku ya safari, kwa kuwa bei ya kwenye mtandao wa shirika kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kwenye kaunta, nacho humpa kilo 23 nzima.

Na si lazima kila kitu kipakiwe katika ndege ya abiria. Mawakala wa Xiaobei hupokea shehena ya meli kwa mita za ujazo, kwa hiyo kitu kizito kilicho kidogo, kama kitasa na marumaru, hupata bei njema katika kontena. Nao wa shehena ya ndege hutoza kwa uzito ulio mkubwa baina ya miwili, ule wa mizani na ule unaopatikana kwa kugawanya sentimita za ujazo kwa 6,000. Kwa hesabu hiyo sanduku letu la sentimita 158 lingehesabiwa kilo 20 na zaidi hata likiwa na mito mitupu. Hivyo vyepesi vyenye kufura, kama nguo na viatu vya watoto, vilikwenda na familia. Vizito vikasubiri meli.

Nimeiacha nyuma njia ya tatu, nayo ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, IATA, kwa azimio lake nambari 302, lililoanza kutumika Aprili 2011, imeweka utaratibu wa kuamua kanuni ya nani itafuatwa pale mashirika zaidi ya moja yanapokuwa katika safari moja. Dunia imegawanywa katika kanda tatu, Amerika zote zikiwa ya kwanza, Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ya pili, Asia na Pasifiki ya tatu; na kwa safari kama ya Guangzhou, kanuni inayotawala ni ya shirika linalomvusha abiria kutoka kanda moja hadi nyingine. Ukivushwa na shirika la vipande viwili, basi vipande viwili hivyo vinapaswa kukufuata hadi mwisho wa tikiti, hata kama kituo cha mwisho unapelekwa na mwingine. Lakini neno lenye nguvu hapo ni tikiti. Safari iliyokatwa katika tikiti mbili ni mikataba miwili, na mkataba wa pili hauujui wa kwanza: ndege ndogo za kuvuka bahari yetu aghalabu humruhusu abiria kilo 15, kwa hiyo viti vinne vingebeba kilo 60, na kilo 124 kati ya zile 184 zingelala Dar es Salaam au zingelipiwa. Familia yetu ilichukua tikiti moja hadi Zanzibar, ikahakikisha kwenye kaunta ya Baiyun kwamba kila lebo imeandikwa ZNZ, kisha ikavuka kwa meli hadi Mkoani, Pemba. Kwa maoni yangu hapakuwa na uamuzi mwingine wa busara.

Wanaokwenda Yiwu, mji mwingine wa masoko wa China, kununua, kisha wakarudi Guangzhou kwa treni, wajue kwamba reli ya China ina sheria yake: mtu mzima kilo 20, mtoto kilo 10, na katika treni za kasi begi lisipite sentimita 130 kwa jumla ya pande zake. Familia kama hii ingeruhusiwa kilo 70, na sanduku halali la ndege lingekuwa haramu la treni. Ni nafuu kuvituma vitu Guangzhou kwa vifurushi, wakasafiri mikono mitupu. Na pawabenki zisiwekwe katika mzigo wa chini abadani: hukaa mkononi, zisizozidi saa-wati 100 hupita bila idhini, baina ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika, na tangu tarehe 28 Juni 2025, katika safari za ndani ya China, isiyo na alama bayana ya 3C, yaani ya ithibati ya lazima ya China, haipandi ndege.

La mwisho ni majina ya kwenye lebo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na China zimo, huweka kikomo cha fidia ya mzigo kwa kila abiria, nacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR. Katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Iberia, iliyohusu familia ya watu wanne waliopoteza masanduku mawili kati ya Barcelona na Paris mwaka 2008, mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua Novemba 2012 kwamba kila mmoja aweza kudai kwa vitu vyake vilivyokuwemo katika sanduku lililoandikishwa kwa jina la mwenziwe, ila athibitishe. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, kwa hiyo usiache vipande vyote viandikwe kwa jina la baba. Taka vigawanywe kwa majina ya wote wenye viti, piga picha kila begi likiwa wazi, na uzihifadhi risiti za dukani. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Na kesi ifunguliwe kabla ya miaka 2 kwisha, kwa kuwa baada ya hapo haki hiyo hufa.