Mbwa wa Pili Hupimwa kwa wa Kwanza

Boma moja la kahawa upande wa Manyatta, Embu, lilikuwa na mbwa mmoja tu: dume chotara wa German Shepherd, wa kilo 35 hivi, anayefungiwa kibandani mchana na kufunguliwa usiku nyumba ikishakomewa. Mwenye boma alitaka wa pili, tena mdogo. Sababu yake ilikuwa ya kazi. Mbwa mkubwa akishashiba hulala fofofo, na wezi wa makadamia hawaji kwa kishindo. Mdogo mwenye masikio mepesi abweke kwanza, mkubwa afuate.

Kilichonivutia ni jinsi alivyochagua. Wengi huanzia kwa mbwa mdogo: picha ya Japanese Spitz mweupe imeingia kwenye simu, bei imetajwa, mtoto ameng'ang'ania, basi. Huyu alianzia kwa dume wake. Alitaka kujua kwanza: kuku akipita mbio mbele yake, dume anafanya nini? Akiitwa katikati ya mbio, anageuka au hasikii tena?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mbwa mkubwa anayemuua mdogo si lazima awe na hasira. Mara nyingi walikuwa wakicheza. Mdogo akateguka mguu, akalia kwa sauti nyembamba, akakimbia, na kwa mkubwa kile kinachokimbia kikilia si mwenzake tena bali ni windo. Humkamata shingoni na kumtikisa, na mambo huwa yamekwisha kabla mtu hajainuka kitini. Mbwa mwenye rekodi ya kuua kuku na paka hastahili kuletewa mwenzake wa kilo tatu, hata akiwa mpole kiasi gani kwa watoto. Upole kwa watu na silka ya kuwinda ni vitu viwili tofauti.

Dume wa Manyatta alikuwa akifukuza kuku lakini akiitwa anarudi. Hiyo ilitosha kuendelea, ila si kwa mbwa wa kubeba mkononi. Mimi hushauri mdogo asipungue theluthi moja ya uzito wa mkubwa, na huo ni mpaka wangu wa tahadhari, si sheria ya sayansi. Chini ya hapo hata mchezo wa nia njema ni hatari, maana mkubwa akicheza huweza kumwekea mwenzake mguu mgongoni.

Spitz akaondolewa kwenye hesabu kwa sababu nyingine pia: manyoya yale marefu katikati ya kishonanguo na tope la masika ni kazi ya kila jioni. Aliyechukuliwa ni jike wa kienyeji kutoka upande wa Runyenjes, mtu mzima tayari, ambaye mmiliki wake alikuwa akihama. Walimpima kwa mizani ya kuning'inia, ile ya kahawa, akiwa ndani ya gunia kichwa kikichungulia nje: kilo 12. Ukinunua mtoto wa mbwa barabarani unaambiwa ni "chiwawa", na mwaka ukiisha una mbwa wa kilo 20. Mtu mzima hana siri ya kimo, na tabia yake inaonekana. Jike huyu alikuwa amekulia kati ya mbwa wakubwa na alijua kugeuza uso, kulamba midomo na kuondoka pole pole anapozidiwa. Hilo lina thamani kuliko nasaba.

Kuna wanaosema ukubwa si hoja, mdogo mwenye moyo humtawala mkubwa. Ni kweli, lakini angalia ni lini. Mwaka 1956 wanandoa George na Joy Adamson walipoleta nyumbani kwao Isiolo watoto watatu wa simba, akiwamo Elsa ambaye kaburi lake liko katika Mbuga ya Meru, walikuwa tayari wanafuga pimbi aitwaye Pati. Mnyama wa kimo cha sungura akawa yaya wa simba. Ila Pati ndiye aliyekuwa mwenyeji, na wageni walikuwa wachanga. Manyatta mambo yalikuwa kinyume: mwenyeji na mwenye uzito ni mmoja, kwa hiyo mgeni hakuwa na cha kumtetea ila mpangilio wa watu.

Mpangilio wenyewe ulianzia nje ya boma. Kijana wa nyumbani alimshika dume, mwenye boma akamshika jike, wakatembea njia moja, huyu kushoto mwa barabara na yule kulia, bila kuwakutanisha uso kwa uso. Kamba zililegea. Kamba ikikazwa humwinua mbwa kifua, na mwenzake huona anatishwa. Asubuhi baada ya asubuhi nafasi ikapunguzwa, hadi wakanusana nyuma, wakaachana, wakanusana tena. Ukiona mdomo uko wazi, mwili umepinda na mkia unapepea kwa mapana, waache. Ukiona mdomo umefungwa ghafla, shingo imekakamaa na macho hayabanduki, geuzeni wote wawili na mwendelee kutembea, bila kupiga kelele.

Ndani ya boma waliongeza mambo ambayo kwa macho ni madogo. Chini ya ghala walitoboa tundu kwenye bati, jike anapenya, dume hapenyi. Ugali wa omena ulitolewa pande mbili za nyumba. Na kwa muda mrefu hawakufunguliwa pamoja usiku. Hapo walifanya vyema sana, kwa sababu hatari ya usiku haianzii kati ya mbwa wawili, huanzia kwenye ua. Mpita njia akitokea, wote hukimbilia ua wakibweka. Mkubwa asipomfikia yule wa nje, meno humgeukia aliye karibu naye.

Dawa nazo zilibidi zigawanywe upya. Dume alizoea kuoshwa kwa masalio ya dawa ya kupe ya ng'ombe. Ikiwa dawa hiyo ni ya amitrazi, mbwa mdogo huweza kusumbuka vibaya, na Chihuahua pamoja na watoto wachanga wa mbwa hawafai kupakwa kabisa. Vidonge vya minyoo vinavyouzwa agroveti, vingi ni kimoja kwa kila kilo 10. Kugawa nusu kwa nusu kwa haki ya ndugu ni kumzidishia mmoja na kumpunja mwingine. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo haiangalii kimo, wote huchanjwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo 2030, na lengo hilo linategemea mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa.

Ninapotofautiana na mwenye boma ni kwenye uzazi. Alimhasi dume, akasubiri wiki kadhaa kwa kuwa dume aliyehasiwa hubaki na mbegu kwa muda, ndipo akamleta jike. Kuhasi ni upasuaji mwepesi na nafuu kuliko kumtoa jike kizazi, na hofu kwamba aliyehasiwa halindi haina msingi, kwani ulinzi ni wa eneo na mazoea. Lakini alichozuia ni mimba ya dume mmoja. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike mdogo aliyepandwa na dume mkubwa huweza kukwama wakati wa kuzaa, hasa akibeba mtoto mmoja au wawili, maana wachache hukua wakubwa. Kumpata saa nane za usiku daktari wa kumpasua mbwa, mahali ambapo wengi wamezoea ng'ombe wa maziwa, si kazi rahisi. Pesa ile ingeanzia kwa jike. Sasa anasema atamshughulikia baada ya malipo ya kahawa, na madume wa jirani, ambao hakuna aliyewahasi, wameshaanza kulala langoni.