Kibao Chenye Nyuso Mbili

Msafiri apitaye njia za mashambani na milimani katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, hukuta kando ya barabara, pale kaunti moja ikomapo na nyingine kuanza, kibao cha madini kilichosimamishwa juu ya mlingoti, chenye rangi ya fedha na herufi nyeusi, nacho kimeandikwa pande zote mbili, kila upande na habari zake. Kazi ya kusimamisha vibao vya historia ilianza huko mwaka 1927, chini ya tume iliyoongozwa na William E. Carson, na maneno ya vile vya mwanzo yalisimamiwa na mwanahistoria Hamilton J. Eckenrode. Kila kibao kilipewa herufi kwa kufuata njia kilipo, E kwa njia nambari 1 na A kwa nambari 11. Vya mipakani vikatengewa Z.

Hekima ya kibao cha mpakani imo katika kuelekezwa kwake: uso umkabilio msafiri humweleza kaunti aiingiayo, wala si aiachayo, hata watu wawili wakipishana mahali pale pale kila mmoja husoma habari ambazo mwenziwe hazioni.

Amma kwa upande wa ufundi, vibao vya siku hizi husubiwa kwa alumini katika kalibu ya mchanga. Herufi hubandikwa juu ya ubao wa mfano, kingo zake zikiwa zimeinamishwa kidogo ili ubao ung'olewapo usiubomoe mchanga ulioshindiliwa. Ubao ukishaondolewa, hubaki nafasi yenye maandishi yaliyogeuka kinyume, ambamo humiminwa alumini iliyoyeyushwa kwa moto upitao digrii 660 za Selsiasi. Kibao cha nyuso mbili kina taabu yake ya ziada, kwa kuwa nusu ya juu na nusu ya chini ya kalibu kila moja ina maandishi yake, na zisipokutana sawasawa ukingo wa uso mmoja huupita wa mwenziwe. Faida ya herufi zilizoinuka huonekana wakati wa kupaka rangi, maana rola yenye wino mweusi hupita juu yake pasipo kuigusa ardhi ya kibao. Kosa la herufi moja, kadhalika, halifutiki ila kwa kusubu upya.

Maadamu dereva hana ila dakika chache, Eckenrode na wenziwe walishika kwa vibao vya mpakani kanuni fupi mno: eneo la kaunti kwa maili za mraba, mwaka wa kuundwa, kaunti zilizoizaa, sababu ya jina, na pengine tukio moja. Ni nasaba hasa. Tuzitwae Bath na Highland, zilizo jirani milimani. Bath iliundwa mwaka 1790 kwa kumegwa Augusta, Botetourt na Greenbrier, nayo yajulikana kwa chemchemi zake za moto. Highland iliundwa mwaka 1847 kutokana na Pendleton na Bath, ikaitwa hivyo kwa milima yake, na humo ndimo vilimopiganwa vita vya McDowell tarehe 8 Mei 1862. Mpaka wao, basi, ni mpaka wa mama na binti. Nami naisifu kanuni hii kwa ufupi wake, lakini siwezi kuisamehe jambo moja: huihesabu nchi tangu siku serikali ilipoipa jina, wala haina mlango wa kuwaingiza wenyeji wa asili waliokaa mabonde yale kabla ya hapo.

Tena, nasaba haisemi mzazi alihamia wapi. Greenbrier na Pendleton zimo West Virginia tangu jimbo hilo lilipojitenga mwaka 1863, na atakaye kumwona Pendleton, huyo mzazi wa pili wa Highland, hana budi kuifuata njia nambari 220 kupita mji wa Monterey, hata avuke mpaka wa jimbo.