Mwanga wa Zambarau Juu ya Tone la Damu Pemba

Mulika tone la damu kwa mwanga wa zambarau na karibu wote utamezwa. Kiasi kidogo hurudi kikiwa na rangi nyingine, ya machungwa iliyokoza. Kisiwani Pemba mwanga huo hafifu ulitumiwa kuwatenga watoto wenye upungufu wa madini ya chuma na wenzao wasio nao.

Siri yake iko kwenye uboho. Hemu, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni, hutengenezwa kwa kupachika chuma katikati ya pete ya protopofirini. Chuma kikikosekana, zinki hukalia nafasi ile. Hemu haing'ai, lakini pete yenye zinki hung'aa, na hukaa ndani ya chembe nyekundu maisha yake yote, takriban siku 120. Anayepima thioli, yaani molekuli zenye salfa kama glutathioni, hana bahati hiyo: hulazimika kuongeza kemikali, kwa mfano monobromobimani, ambayo huanza kung'aa ikishanasa salfa. Hapa alama imewekwa na mwili wenyewe.

Tone huwekwa juu ya kioo chembamba, likapigwa mwanga wa nanomita 420 hivi. Unaorudi husomwa karibu na 595. Kwa kuwa hemu ndiyo inayofyonza mwanga, mashine husoma uwiano wa pete zenye zinki kwa hemu, na ukubwa wa tone hauna neno. Kidole cha mtoto kikichomwa mara moja, damu inatosha. Ila damu isiyoshiba oksijeni hushusha namba, na bilirubini iliyo kwenye plazma huipandisha. Bora chembe zioshwe kwanza kwa maji ya chumvi.

Jaribio la Pemba, la kuwapa watoto chuma, lilikuwa kubwa: watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Waliopangiwa chuma walipewa miligramu 12.5 kwa siku pamoja na asidi ya foliki, na wa chini ya mwaka nusu yake. Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa. Mtafiti Sunil Sazawal na wenzake walipochapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 2006, hatari ya kufa au kulazwa ilikuwa imepanda kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma.

Tungeishia hapo, chuma kingeonekana sumu. Lakini kundi dogo lilipimwa damu, na mstari ukachorwa kwenye maikromoli 80 za pete zenye zinki kwa kila moli ya hemu. Waliouvuka, hasa wenye upungufu wa damu pia, walinufaika na chuma, huku malaria ikitafutwa na kutibiwa kwa karibu. Kwa wasio na upungufu, wasiwasi ulibaki. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi bora iliyofanywa katika jaribio zima.

Hata hivyo mstari ule nausoma kwa tahadhari. Mtoto mwenye malaria huficha chuma chake. Ghala limejaa lakini uboho haupati kitu, na zinki huingia vilevile. Mwanga utasema "upungufu" palipo na kizuizi tu. Feritini, protini inayohifadhi chuma ambayo nayo hupimwa kwenye damu, hukosea kinyume chake: homa huipandisha, ikaficha upungufu wa kweli. Mahali penye malaria nyingi nisingeamini kimoja bila kingine, wala vyote viwili bila kipimo cha uvimbe mwilini kilichochukuliwa siku ileile.