Kuhisi Pasipo Kugusa: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Usafiri wa Anga

Ndege aina ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania inapokaribia Uwanja wa Ndege wa Songea, rubani hayaoni magurudumu yake. Huona taa. Taa hizo hutegemea taarifa za vifaa vidogo vilivyozibwa dhidi ya maji, vumbi na mafuta ya haidroli, ambavyo Kiswahili cha sasa huviita vihisi. Uhakiki huu unadai kwamba jina hilo limepokewa pasipo kupimwa.

Katika matumizi ya kawaida, kuhisi ni kupata habari kwa mlango wa fahamu. Pia ni kudhani. Asemaye anahisi mvua itanyesha hatoi ushahidi. Kifaa hiki hakina fahamu, wala hakidhani. Ndani yake mna koili ipitishayo umeme na kujenga uga wa sumaku. Kipande cha chuma kilichofungwa kwenye mguu wa gurudumu kikisogea, uga hubadilika, na saketi za kielektroniki hulinganisha badiliko hilo na kiwango kilichowekwa. Jibu ni moja kati ya mawili: karibu au mbali. Kwa kuwa hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika, tofauti na swichi za kusukumwa na wenzo.

Wapo wasemao "kihisi kisichogusa". Ukanushi huo hutaja kisichotendeka na kunyamazia kinachotendeka.

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Tarehe 9 Septemba 2007, Q400 ya shirika la SAS ilikuwa ikielekea Aalborg, Denmark, taa zikionesha kwamba mguu wa kulia haujajifunga. Marubani waliziamini, wakawaandaa abiria kwa dharura. Mguu ulikunjika ndege ilipotua, hakuna aliyekufa. Chanzo kilikuwa kutu kwenye nyuzi za kiungo cha pistoni inayoteremsha mguu. Kifaa hakikuihisi kutu hiyo, wala hakikuundwa kuihisi. Kilieleza tu kwamba chuma hakijafika mahali pake.

Kwa sababu hiyo napendekeza "kitambuzi ukaribu". Pingamizi litakuwa kwamba kutambua hudai jambo lililojulikana kabla. Ndivyo ilivyo hapa: kilichojulikana kabla ni kile kiwango, na aliyekiweka ni binadamu. Fundi akikosea nafasi iliyopo kati ya kitambuzi na chuma, hata kwa kiasi kidogo, taa yaweza kumdanganya rubani.