Viongozi wa Vikundi vya Masaka na Rakai

Katika historia ya tiba ya kikundi, yaani matibabu ambamo wagonjwa wenye tatizo linalofanana hukutana kwa ratiba chini ya kiongozi aliyefunzwa, pongezi za dhati zinawastahiki wenyeji wa Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, ambao mwaka 2002, bila taaluma yoyote ya afya ya akili, walipewa mafunzo ya wiki mbili na kukabidhiwa kazi ya kutibu sonona, ile huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi na nguvu ya kufanya kazi. Kwa wiki 16, katika vikao vya dakika 90, kila mwanakikundi aliulizwa hali yake ya wiki iliyopita, kisha akasaidiwa kuihusisha na tukio maishani mwake, kama vile msiba au ugomvi wa nyumbani, huku wenzake wakimpa mawazo ya kujaribu kabla ya kikao kijacho. Na ushauri wa aliyefiwa kwa aliyefiwa, bila shaka, una uzito wa pekee. Matokeo ya utafiti wa kazi hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kuwa wanavikundi waliobaki na sonona ni asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7. Vikundi vingi viliendelea kukutana hata baada ya utafiti kwisha.