Impreza STI: Chagua Giaboksi Kabla ya Sura

Anayetafuta Subaru Impreza WRX STI hukutana na ushauri wa aina mbili. Wa kwanza unahusu taa za mbele, kwa kuwa wapenzi wa gari hili wameyapa matoleo yake majina kufuata umbo la macho: Bugeye, Blobeye, Hawkeye. Wa pili unahusu nguvu za farasi. Kwangu mimi, ushauri wote huo unaanzia mahali pasipofaa. Kuanzia 1994 hadi 2019, STI iliyouzwa Japani ilibebwa na injini za familia moja, EJ. Kilichotenganisha kizazi na kizazi ni vile vyombo vinavyopokea nguvu ya injini hiyo: giaboksi, difu, habu za magurudumu na mfumo wa springi za nyuma. Humo ndimo pesa za mnunuzi zinamopotea au kuokoka.

Injini ya EJ20 ilianza kazi mwaka 1989 ndani ya Subaru Legacy. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, hivyo uzito wake unakaa chini na gari halilali sana kwenye kona. Impreza ilipozinduliwa mwishoni mwa 1992, WRX ilipewa injini hiyo ya lita 2 yenye tabo na nguvu za farasi 240. STI ya kwanza ya 1994 ilitangazwa kuwa na 250, na kufikia 1996 tangazo likafika 280. Hapo namba ikasimama kwa miaka mingi, maana watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Kwa hiyo anayelinganisha STI ya 1997 na ya 2003 kwa kusoma karatasi ya nguvu anasoma namba ya makubaliano tu.

Kizazi cha kwanza, GC8, ndicho kilicholijengea gari hili jina Afrika Mashariki. Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa rali wa mwaka 1995 akiwa na Impreza, akashinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, kisha Richard Burns akashinda Safari ya 2000. Magari hayo yaliandaliwa Uingereza na kampuni ya Prodrive, na giaboksi zake hazikuwa na undugu wowote na ile iliyouzwa dukani. Jambo hili wanunuzi wengi wa GC8 hulisahau. GC8 ya barabarani ina giaboksi ya gia tano ambayo ganda lake limegawanywa vipande viwili kwa urefu. Injini ikisukuma kwa nguvu, hasa dereva anapoachia klachi ghafla, ganda hilo hujipinda kidogo, gia husogea mbali na mwenzake, na meno yanashikana kwa ncha badala ya uso mzima. Matokeo yake ni meno kukatika, mara nyingi ya gia ya kwanza hadi ya tatu. Gari lililoongezewa msukumo wa tabo huku giaboksi ikiachwa ya kiwandani linaelekea huko tu.

Hata hivyo GC8 ina kitu ambacho hakijarudi. STI za kizazi hicho zina uzito wa karibu kilo 1,250. Zilizofuata zilipanda hadi karibu 1,430, na za mwisho zinakaribia 1,500. Tofauti ya kilo 200 unaisikia kwenye kila kona na kila ukikanyaga breki. Anayependa gari jepesi linalotii mkono mara moja ana sababu nzuri ya kuitafuta GC8, mradi ajue kwamba msimbo GC8 ulitumika kwa WRX na kwa STI vilevile. Msimbo peke yake haukuthibitishii chochote. Inabidi kusoma kibati kizima chini ya boneti, toleo na herufi zake zote.

Mwaka 2000 kilikuja kizazi cha pili, na hapa Subaru ilifanya uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha historia yote ya gari hili. Iliitengenezea STI giaboksi mpya ya gia sita, nzito na nene, iliyojengwa kwa ajili ya nguvu hiyo tangu mwanzo. WRX ya kawaida ikaachiwa gia tano. Kuanzia hapo tofauti kati ya WRX na STI ikawa kubwa kuliko vibandiko. Msimbo nao ukasaidia: GDA ni WRX, GDB ni STI. Nairobi na Dar es Salaam zina Impreza nyingi za injini ndogo na WRX za kawaida zilizovalishwa bampa, boneti na bawa la STI, na kibati hicho ndicho kinachomaliza ubishi kwa dakika moja. Kama maandishi ya nyuma yanasema STI na kibati kinasema GDA, bei iwe ya GDA.

Kuhusu macho, ni hivi kwa ufupi: taa za duara za 2000 hazikupendwa, zikabadilishwa mwishoni mwa 2002, zikabadilishwa tena mwaka 2005. Mabadiliko yenye uzito yalipita kimya kati ya hayo mawili, katikati ya 2004, wakati sura ilikuwa bado ileile ya Blobeye. STI ilipewa habu kubwa zaidi: boliti tano zilizokuwa kwenye duara la milimita 100 zikahamia duara la milimita 114.3, na beringi za magurudumu zikaimarishwa. Kwenye barabara zenye mashimo na matuta hilo si jambo dogo, kwa sababu beringi za nyuma za GD za mwanzo zinajulikana kwa kuanza kunguruma mapema. Zaidi ya hayo, mpangilio wa 114.3 hutumiwa na magari mengi ya Toyota, Honda na Mitsubishi, hivyo rimu zinapatikana kwa urahisi ukizingatia tundu la katikati.

Sasa injini, maana ndani ya vizazi hivi kuna njia panda. Japani ilibaki na lita 2. Marekani ilipopewa STI kwa mara ya kwanza, kama toleo la 2004, ilipewa lita 2.5, iitwayo EJ257, na Uingereza ikafuata kwa toleo la 2006. Magari yetu mengi yametoka Japani, lakini yapo yaliyokuja kutoka Uingereza, na yanauzwa kwa hoja kwamba injini kubwa ni bora. Tazama ilivyokuzwa. Kipenyo cha silinda kilitoka milimita 92 hadi 99.5 ndani ya bloku ya familia ileile. Chuma kilichobaki kati ya silinda na silinda kikapungua, na gasketi ya silinda hedi ikabaki na uso mwembamba wa kukalia. Juu ya hilo, pistoni za EJ257 zina kingo za kushikia ringi ambazo hupasuka mafuta yanapolipuka kabla ya wakati wake, na silinda ya nne ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi. EJ207, ile ya lita 2 ya Japani, inazunguka hadi karibu mizunguko 8,000 kwa dakika, na ina nyama ya kutosha kati ya silinda zake. Ile ya lita 2.5 ina msukumo mtamu wa chini, unaofaa mjini, na anayeitunza kwa petroli nzuri bila kuichezea kompyuta anaweza kuishi nayo vizuri. Lakini nikiambiwa nichague moja ya kuvumilia joto na mafuta ya wastani, nachukua lita 2 bila kusita.

Kuna pia suala la mlio, na hili huwavunja moyo watu waliokwisha kulipa. Ule mngurumo wa Subaru unaotambulika kabla gari halijaonekana hautoki kwenye injini iliyolala yenyewe. Unatoka kwenye mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu: moshi wa upande mmoja husafiri umbali mrefu kuliko wa upande wa pili kabla ya kuifikia tabo, ukafika kwa vishindo visivyo na mpangilio sawa. STI za Japani za kuanzia mwishoni mwa 2002 zilipewa tabo yenye njia mbili na mabomba yaliyosawazishwa. Tabo inaamka mapema, injini inapumua vizuri, na mlio unakuwa laini. Wapo wanaong'oa mabomba hayo ili wapate sauti. Ni kulipa fundi akupunguzie kazi nzuri ya wahandisi, na siishauri.

Kizazi cha tatu cha 2007 kilikuja na umbo la mlango wa nyuma, GRB, chenye farasi 308 huko Japani. Umbo la sedani, GVB, likafuata 2010. Springi za nyuma zilibadilika kabisa: badala ya shokapu kulishika gurudumu kwa juu, gurudumu likashikwa na mikono miwili, juu na chini. Gari likatulia zaidi kwenye barabara mbovu na nafasi ya mizigo ikaongezeka. Milango nayo ikapata fremu za vioo. GC na GD hazina, na ndiyo maana vioo vyake hutetemeka na kuingiza sauti ya upepo mipira inapozeeka. Ukiona GRF, hiyo ni STI ya otomatiki yenye lita 2.5, na si gari lilelile.

Mwaka 2014 WRX ilitenganishwa na jina Impreza. STI, VAB, ikaendelea na EJ na usukani wa mafuta, huku nduguye VAG akichukua injini mpya na giaboksi ya otomatiki. Japani ilimaliza na toleo la mwisho la EJ20 mwaka 2019, magari 555, namba iliyotokana na mdhamini wa sigara wa timu ya zamani ya rali. Masoko mengine yalimaliza 2021. Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatengeneza STI nyingine ya petroli kwa umbo jipya la WRX.

Kizazi chochote utakachochukua, matatizo ya kuishi nalo yanafanana. Oili ndiyo ya kwanza. Injini hizi hunywa oili kidogo kidogo, na bomba linaloivuta kutoka kwenye sampu limejulikana kupata ufa shingoni. Likivuta hewa, beringi za konrodi hugonga na injini imekwisha. Pima kijiti kila unapojaza tangi. Kwenye injini zenye valvu za kubadilika muda, fundi akague kile kichujio kidogo cha wavu kilicho ndani ya boliti ya bomba la oili linaloenda kwenye tabo, kwa sababu kikiziba, tabo inakufa bila kelele ya onyo. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Kwa gari ambalo mita yake huna uhakika nayo, ubadilishe siku unayolinunua.

Matairi yote manne yawe sawa kwa chapa, kipimo na uchakavu. Gari husukuma magurudumu yote muda wote, na tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochakaa huifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Anayezoea kununua tairi la mtumba moja moja asichukue STI. Petroli nayo: magari ya Japani yalipangwa kwa mafuta ya huko yenye okteni inayokaribia 100, na super ya kawaida ya pampuni kwetu iko chini ya hapo. Tumia ile bora zaidi iliyopo, au fundi anayejua kompyuta ya gari apunguze msukumo wa tabo. Na foleni: kipoza hewa cha tabo kimekaa juu ya injini, kikitegemea upepo wa lile tundu la boneti. Gari likisimama nusu saa Thika Road au Morogoro Road, kipoza hewa kinapokea joto la injini badala ya kulipunguza. Usikanyage kwa nguvu mara tu foleni inapofunguka. Kipe dakika chache za upepo.

Sheria za uagizaji zimeshaamua sehemu ya chaguo. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo GC8, GDB na GRB zinazouzwa huko ni zile zilizokwisha kuwa nchini, nyingi zikiwa zimepita mikono kadhaa. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya 2018. Tanzania inaruhusu makuukuu kwa kuyatoza ushuru wa ziada, na hapo karatasi ya mnada ya Japani ina thamani: daraja R au RA lina maana kwamba gari liligongwa na kutengenezwa.

Chaguo langu ni GDB ya Japani iliyotengenezwa kati ya katikati ya 2004 na 2007: lita 2, gia sita, habu za 114.3. VAB ni bora kwa safari ndefu na kwa mwenye uwezo. GC8 ni ya anayeupenda wepesi na yuko tayari kuweka akiba ya giaboksi. Lakini GRB iliyotunzwa na mtu mmoja kwa risiti zote inaishinda GDB yoyote isiyo na historia. Kabla ya kutoa pesa, pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa imeshapata moto. Muuzaji akikataa kipimo hicho, mshukuru na uondoke.